Lori Lililotazama Ukuta

Mimi sijawahi kudanganywa na mtu maishani mwangu.

Hilo lipigieni mstari. Tangu nimalize darasa la saba mpaka leo meno yameniaga, hakuna aliyewahi kunipiga chenga.

Isipokuwa marehemu mume wangu. Na wanangu. Na yule muuza miwani aliyeniuzia hii ninayoandikia sasa, jicho moja linaona mbali na la pili halioni kabisa.

Basi tuseme sijadanganywa sana.

Sasa sikilizeni. Lori la mume wangu liligeuka.

Lilikuwa limelazwa kichwa kikitazama ukuta. Tuliliona kwa macho yetu, si mmoja, si wawili. Baadaye tukalikuta linatazama lango, magurudumu yamenyooka, limetulia kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha.

Na mwenye lori tulikuwa tumeshamzika.

Kabla hamjaanza kuitana kwa maombi, tulieni. Lori lenyewe halikuwa la chuma. Lilikuwa ndani ya kompyuta.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Alikaa barabarani mpaka mgongo ukamkataa. Daktari akamwambia achague, usukani au kutembea. Akachagua kutembea, ila alitembea kwa kununa.

Nyumba ikashindwa kumbeba. Akahamisha masufuria yangu. Akaanza kunifundisha kupika. Mtu aliyekula mikahawani ujana wake wote, ananielekeza mimi chumvi!

Ndipo kitinda mimba wetu akamletea kompyuta.

Huyu kitinda mimba tunamwita Waya, maana tangu utotoni hakuna redio iliyoingia kwetu ikabaki nzima. Sasa ni fundi wa kompyuta, anaishi mji mwingine. Aliokota kipande huku, kipande kule, akaunda kompyuta ya kuchezea gemu, pana kama kabati, ina taa za rangi zinazokimbizana. Ndani yake akaweka gemu ya kuendesha malori.

"Baba, humu utasafirisha mizigo bila mgongo kuuma."

"Mambo ya watoto haya," mzee akasema.

Jioni ile chakula kilipoa. Nilimwita, akanijibu yuko njiani.

Waya akamletea na usukani wa plastiki. Mzee akaugeuzageuza, akaurudisha kwenye boksi. "Mimi nimeshika usukani wa kweli. Hiki ni kifuniko cha sufuria." Akawa anaendesha kwa vitufe vya kibodi, vidole viwili, uso ameukunja kama mvua inamnyeshea yeye.

Kuna mambo mawili aliyotoka nayo barabarani, akaingia nayo hadi kwenye gemu.

La kwanza, gari hulazwa likitazama njia. "Dereva anayelaza gari kichwa ukutani," alikuwa akisema, "ni mtu asiyejua kama kuna kesho." Basi hata humo kwenye kompyuta, akifika yadi, utamwona anakwenda mbele, anarudi nyuma, mbele, nyuma, ulimi nje, mpaka tela liingie kwa matako.

La pili, honi. Enzi za lori la chuma, akifika langoni alipiga honi mara mbili. Maana yake: pakua. Kwenye gemu akaendeleza. Stoo alimokaa na kompyuta yake inapakana na jiko langu, ukuta ni mwembamba. Nikisikia pii-pii, nashika upawa.

Wakati mwingine chakula kilikuwa hakijaiva. Nilipakua hivyo hivyo. Dereva hangojeshwi.

Akaugua. Akafa.

Naandika kwa ufupi hivyo kwa sababu ndivyo ilivyoniingia.

Mnajua mguu ukiukalia mpaka ukafa ganzi? Unaugusa unahisi kama unamgusa jirani. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Watu walikuja wakanililia mabegani, wakanilowesha. Mimi nawaza tu kwamba yule mama mwenye viatu vya njano, kisigino chake kinakaribia kung'oka.

Kikang'oka kweli. Akaenda chini na sahani yake.

Sikucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi ni mgonjwa.

Nilikula, sikujua nimekula nini. Nikiulizwa, "Umelala?" nasema ndiyo. Nikiulizwa, "Hujalala?" nasema ndiyo.

Chozi? Halikuja. Nilikaa nikalingoja kama mtu anayengoja fundi.

Waya naye alikuwa na lake. Baba yake alipoanza kuumwa aliahidi atakuja kumwona. Kazi zikambana, akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika alitukuta tunapanga viti vya msiba. Alizika, akaondoka kesho yake asubuhi. Ile stoo hakuikanyaga hata kwa unyayo.

Wageni walipopungua, binti yangu mkubwa akasema, "Mama, tuiwashe kompyuta ya baba tuone alipoishia."

Binti yangu ni mshonaji. Jicho lake ni sindano. Siku hiyo alikuwepo pia shemeji yangu, mdogo wake marehemu, seremala, ambaye mtaa mzima unamwita Tafsiri. Paka akipiga chafya, yeye anakuambia ni ujumbe na umetumwa na nani.

Tukaiwasha. Gemu ikafunguka.

Lori lile, kijani, likatokea kwenye yadi yake. Kichwa kimegusa ukuta. Pua kwenye matofali kabisa, tela limebaki limekatiza njia kama mkia wa ng'ombe.

Binti yangu akajishika kifua. "Mama! Baba amelaza gari kichwa ukutani!"

"Naona."

"Baba! Baba wa kulaza gari hivi?"

Akalia. Alilia kilio ambacho hakulia hata makaburini.

Tafsiri akavuta kiti, akakaa, akavua kofia. Nikajua tumekwisha.

"Shemeji," akaniambia, "hii si bure. Ndugu yangu alikuwa anaiaga dunia. Kaipa mgongo." Akaitikisa kofia. "Halafu, sitaki kuwa mbaya. Lakini alikuwa anamngoja nani? Mwanawe wa mwisho. Amekuja? Hakuja. Basi mzee akageukia ukutani, kama mtu aliyenuna kitandani."

"Baba mdogo, usiseme hivyo," binti akalia.

"Sisemi mimi. Linasema lori."

Binti akajifuta kwa kanga. Akawaza. Kisha akasema jambo la busara, au tuliliona la busara: "Waya asilisikie hili. Hata siku moja. Litamuua."

Tukakubaliana.

"Na mama, hakuna aliyeigusa? Ndivyo baba alivyoiacha?"

"Nani aiguse?" nikamwambia. "Mimi hata pa kuiwashia sipajui. Nafuta vumbi tu."

Tangu siku hiyo ile stoo ikawa kaburi lenye waya wa umeme. Binti akaishonea kompyuta kitambaa cha kuifunika, chenye lesi pembeni. Kila Jumapili alikuja, anafunua, anawasha, analitazama lori, analia, anazima, anaondoka amepata nafuu. Tafsiri alileta na marafiki zake waione.

Mimi nilikaa pembeni na ganzi yangu.

Nikiwa mkweli, nilimwonea wivu binti yangu. Alikuwa na pa kulilia.

Basi Jumapili moja kompyuta ikawaka, ikagoma kuonyesha lori. Ikaleta ukurasa wa bluu wenye maandishi makubwa. Binti akasoma kwa sauti: mfumo huu umefikia mwisho, hautapata ulinzi tena, na kifaa hiki ni cha zamani mno kupokea mpya.

Nikasema, "Mbona inanisema mimi?"

Tukampigia Waya.

"Mama, mfumo endeshi wake umekwisha. Wenyewe hawautengenezi tena. Na ule mpya unaikataa hiyo kompyuta, unasema imezeeka."

"Imezeeka? Umeiunda juzi tu!"

"Kwa kompyuta, mama, hiyo ni bibi."

"Kwa hiyo bibi hapewi mfumo?"

Akacheka kidogo. Mimi nilikuwa nafanya utani kwa mazoea tu, kama kuku aliyekatwa kichwa anavyokimbia. "Tatizo jingine," akasema, "hata gemu yenyewe itakuja kukataa kufunguka humo. Haitakuwa leo, ila siku inakuja."

Binti akaninyang'anya simu. "Kwa hiyo lori la baba litapotea?"

"Lisipohamishwa, ndiyo."

"Njoo ulihamishe."

Nilimsikia mwanangu anavuta pumzi kule aliko.

"Nakuja."

Alikuja kweli. Alisimama mlangoni pa stoo, akakitazama kiti cha baba yake, akaingia kwa ubavu kama mtu anayepita kwenye kundi la watu.

Akakaa chini, akatueleza. Tulikuwa watatu: yeye, dada yake na mimi.

"Mfumo endeshi ni kama mwenye nyumba. Gemu na programu nyingine ni wapangaji. Mwenye nyumba wa zamani anaondoka. Tunatafuta mwingine."

"Wako wangapi?"

"Wengi, mama. Wanaitwa Linux, wote ni ukoo mmoja, na ni wa bure."

"Bure?" nikashtuka. "Mkwe asiyedai chochote ana kasoro."

"Haya, wachukulie kama wakwe basi. Tunachagua mkwe." Waya akainua kidole. "Wa kwanza ni maridadi. Kila kukicha ana nguo mpya, kila kitu kipya kinamfikia yeye kwanza. Lakini ipo siku utaamka umkute hawezi kusimama, mpaka fundi aje."

"Huyo namjua," nikasema. "Alitaka kumuoa dada yako."

"Mama!"

"Wa pili ni mtaratibu. Sura yake inafanana na ya yule wa zamani, hata usipoambiwa huoni tofauti. Habadiliki badiliki. Ila kwa mambo ya gemu ni mzito, vitu vipya vinamfikia vimeshapoa."

"Huyo ndiye aliyemuoa."

Binti akanifinya. Waya akaendelea.

"Wa tatu ameandaliwa kwa ajili ya gemu. Ukiwasha, gemu ziko mbele yako, hutafuti. Ndani amejifunga, huwezi kumchokonoa ukamharibu. Na ana jambo moja: akipokea sasisho baya, anarudi nyuma. Unawasha upya, unamwambia rudi ulivyokuwa jana, anarudi."

"Anarudi nyuma?" nikauliza.

"Anarudi."

"Baba yenu alisema gari lisilojua kurudi nyuma ni mkokoteni. Mchukueni huyo."

Binti akauliza la maana: "Lakini gemu ya baba ilitengenezwa kwa ajili ya yule mwenye nyumba wa zamani. Wataelewana?"

"Kuna mkalimani katikati. Gemu inasema kwa lugha yake, mkalimani anamfasiria mwenye nyumba. Ya malori inafanya kazi vizuri, nimeshaulizia kwa wenzangu. Zile za watoto wako za kupigana mtandaoni ndizo zitagoma."

"Kwa nini?"

"Zina askari wao wa kukamata wadanganyifu. Askari huyo hakubali kuingia nyumba asiyoijua."

"Askari wa kukamata waongo?" nikasema. "Huyo abaki huko huko."

Nilisema haraka kidogo. Hakuna aliyeona.

Waya hakuifungua gemu. "Siwezi kulitazama, mama," akasema. "Nitahamisha tu." Feni ya ndani nayo ilikuwa inakoroma, akasema ataichukua kompyuta yote akaitengeneze kwenye karakana yake. "Jumamosi nairudisha."

Binti akafungua mdomo, akaufunga. Lile la ukuta hakulisema.

Jumamosi ikafika. Waya akasema feni haijapatikana.

Jumamosi nyingine, umeme unasumbua.

Nyingine tena, diski inahitaji kupumzishwa.

Fundi akikupa sababu moja, mwamini. Akikupa ya pili, mtazame. Akikupa ya tatu, mshike shati. Nilijua kuna jambo, lakini kujua nako kulikuwa na ganzi. Nilikaa jikoni nikautazama ule ukuta wa stoo. Ukawa ukuta tu.

Hatimaye akaja. Amekonda. Macho mekundu kama mkata vitunguu. Kidole cha shahada amekifunga plasta.

"Umefanya nini kidole?"

"Kazi, mama."

Binti alikuwa ameshafika, na Tafsiri naye, maana Tafsiri hakosi palipo na jambo. Waya akaunganisha nyaya, akabonyeza. Kompyuta ikawaka upesi, bila kelele na bila kunikumbusha uzee wangu. Gemu ya malori ikawa iko pale mbele, kama alivyosema.

"Kila kitu kipo," Waya akasema. Hakuwa anatutazama. "Hakuna kilichopotea hata punje."

Akafungua.

Lori la kijani. Yadi ile ile. Mwanga wa jioni ule ule.

Linatazama lango.

Tela limeingia kwa matako, sambamba na mstari, safi. Kazi ya dereva.

Tafsiri akainuka na kiti kikaanguka. "Amegeuka! Jamani, ndugu yangu amegeuka! Ametusamehe!" Akaanza kutafuta kofia yake aliyokuwa ameivaa.

Lakini binti yangu hakulia. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia skrini. Akalikagua lori lile kama gauni lililorudishwa na mteja.

"Waya."

"Naam, dada."

"Mimi ni mshonaji. Nguo iliyofumuliwa ikashonwa upya naijua hata mbele ya taa ya kibatari. Hili si lile lori."

"Ni lile lile."

"Lile lilikuwa linatazama ukuta!"

Waya akageuka polepole. "Ukuta? Ukuta gani?"

"Waya, umelifanya nini lori la baba?"

Nilimwona mwanangu anatafuta uongo mwingine, anaukosa. Akakaa kwenye kiti cha baba yake.

"Nililifuta," akasema.

"Nilinakili folda ya gemu. Nikaona yote imo. Nikafuta diski, nikaweka mfumo mpya. Kumbe safari za baba hazikai ndani ya gemu, zinakaa pembeni, kwenye folda ya nyaraka. Mimi fundi. Mimi ninayewakaripia wanafunzi wangu kila siku waangalie folda ile. Nilibeba kabati nikaacha nguo."

"Sasa hili lilitoka wapi?"

Akainua kile kidole chenye plasta. "Nimeendesha. Nilianza mwanzo kabisa, kama dereva mgeni. Nikabeba mizigo mpaka nikapewa lori kama lile. Baba aliwahi kunitumia picha yake, nikapaka rangi ile ile. Nikaenda mpaka yadi ile. Nikalilaza kama baba alivyokuwa akilaza."

"Lakini baba hakulilaza hivyo!" Binti alikuwa analia sasa, na hasira zimemtangulia. "Siku ya mwisho alilitazamisha ukuta! Tulikuficha! Alikungoja hukuja, akakasirika, akageukia ukuta! Ndilo neno lake la mwisho, na wewe umelifuta!"

Akauziba mdomo wake kwa mikono yote miwili. Neno lilikuwa limeshatoka.

Waya alibaki amekaa. Uso wake nikauona unaondoka, unakuwa kama wangu. Ganzi ikipanda kwa mtu unaiona. Inaanzia machoni.

"Aligeukia ukuta kwa sababu yangu," akasema. Hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anayesoma kibao.

Tafsiri akavua kofia, kisha akaivaa tena.

Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, kwenye ndoo niliyoigeuza stuli. Mdomo ninao. Maneno yamo mdomoni.

Wasimuliaji wa hadithi hupenda kuweka funzo mwishoni. Mimi langu naliweka hapa, kwa sababu huko mwishoni nitakuwa na shughuli ya kutafuta pa kuweka uso. Funzo lenyewe ni hili: usilipeleke jambo mbele kama hujui kulirudisha nyuma. Mfumo tuliuchagua kwa sifa hiyo. Watu hatukujichagua.

Tuendelee.

Nikaona paji la uso la Waya linakunjana, kama zamani akiwa na redio iliyofunguliwa mapajani.

"Lakini baba hawezi," akasema taratibu.

"Nini?"

"Kulaza gari kichwa ukutani. Hawezi. Hata awe anakata roho, angelirudisha nyuma kwanza ndipo afe." Akaitazama kibodi. Akamtazama dada yake. Akanitazama mimi. "Mama. Kabla hamjaifungua ile siku, nani alikuwa anaingia humu?"

"Nani aingie? Mimi, kufuta vumbi."

"Kufuta vumbi tu."

"Vumbi tu, baba. Mimi hata pa kuiwashia sipajui."

"Haya." Akageukia skrini. Mtoto huyu nilimzaa mimi, sikukumbuka kwamba na ujanja niligawana naye. "Basi nimpigie baba honi ya kumuaga, yaishe."

Akabonyeza kitufe. Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya.

"Huu mfumo mpya nao," akanung'unika, "sijui honi umeiweka wapi." Akabonyeza tena pale pale, kwa nguvu, kama mpumbavu. Kitufe kile kile! Mara ya tatu! Mkono ukaniwasha.

"Siyo hicho," nikasema. "Hicho ni cha G. Sogea kulia, chenye H."

Stoo nzima ikanigeukia.

Hata feni mpya ilikuwa haikoromi. Ningeshukuru ingekoroma.

"Mama," binti yangu akasema.

Nilitaka honi tu, jamani. Ilikuwa mchana, nyumba tupu, mimi na ganzi yangu. Nilitaka kuisikia pii-pii nikiwa jikoni, na wa kuipiga hayupo. Nikaingia. Pa kuwashia nilipajua siku nyingi, ni taa kubwa namna ile, nani asiione? Nikabonyeza hiki, taa za lori zikawaka. Nikabonyeza kile, vifuta mvua vikacheza. Nikabonyeza mshale, lori likaondoka na mimi.

Nikatoka langoni. Nikazunguka mitaa ya watu. Kwenda mbele kulinikubali. Nikarudi yadini, na kurudi nyuma kukanishinda, tela linakwenda kulia, mimi nataka kushoto, mpaka nikaupiga ukuta. Gemu ikahifadhi yenyewe kwamba hapo ndipo lilipolala.

Honi niliipata mwishoni, pua iko kwenye matofali. Nikapiga mara mbili. Nikasikiliza. Jikoni hakukuwa na mtu wa kupakua. Mpakuaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva.

Walipokuja wakaliona, wakalia. Nilitaka kusema. Lakini walikuwa wanalia vizuri hivyo, na mimi sina langu, nikaona acha walie na la kwangu.

Hayo yote sikuwaambia. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, nawatazama wananitazama.

Waya alikuwa na machozi mashavuni, na chini ya machozi, mbwa yule, alikuwa anacheka. Akasogeza kidole chake chenye plasta kulia.

Pii-pii.

Miguu yangu ikasimama kabla sijaiambia. Na ikaanza kunichoma, kuanzia nyayo kupanda juu, sindano sindano, vile mguu unavyochoma unapoamka.

"Nipisheni," nikasema. "Chakula changu kinaungua huko jikoni."

"Mama," binti yangu akasema, "hujapika."